Wafalme Wawili Juu ya Stempu

Mwaka 1939 serikali ya kikoloni ya Barbados ilitoa stempu za kuadhimisha miaka 300 ya Baraza la kutunga sheria la kisiwa hicho, lililoanza mwaka 1639. Juu yake wamo wafalme wawili, Charles wa Kwanza na George wa Sita, pamoja na ukumbi wa Baraza. Kazi ya mchoraji ni nzuri, hatukatai.

Lakini uwakilishi huo ulikuwa wa nani? Waliopiga kura walikuwa wenye mali. Baraza hilo hilo lilipitisha mwaka 1661 sheria ya kuwadhibiti watumwa, sheria katili iliyokuja kuigwa Jamaica. Utumwa ulikoma kabisa mwaka 1838. Kura ikabaki kwa tajiri. Julai 1937, miaka miwili tu kabla ya sherehe hizo, wanyonge walipofanya ghasia walipigwa risasi, na watu 14 wakafa. Ndugu zao wakauziwa stempu ya kulisifu Baraza ambalo wengi wao hawakuwa na haki ya kulichagua!

Watu wazima wote walipiga kura kwa mara ya kwanza mwaka 1951. Wanaotaka kuadhimisha uwakilishi kisiwani humo na wauhesabu tangu hapo. Na mchoraji aachane na wafalme, achore foleni ya wakata-miwa mbele ya sanduku la kura.