Ziba tundu, acha redio
Safu ya Mzee Kisirani

Shemeji yangu mnamfahamu. Ni yule aliyefunga king'ora kwenye banda la kuku akasahau kufunga banda lenyewe. Jumamosi alinibeba kwenda harusini Morogoro, na hadi leo hasira hazijanishuka.

Mpaka Chalinze tulikwenda kwa amani. Malori yalitubana, na vibao vya 50 pamoja na matrafiki wenye tochi vilimtia mwenzangu adabu. Tulipopata barabara nyeupe, mshale ukapita 100, gari likaanza mluzi: fiii, mwembamba, pale pale kwenye sikio la dereva. Shemeji akaongeza redio. Shangazi kule nyuma akaona joto limezidi, akateremsha kioo kidogo. Ikawa vupu-vupu-vupu, masikio yanaziba na kuzibuka. Nikamwambia ateremshe na kile cha upande wa pili, mapigo yakakata. Mluzi ukabaki.

"Hizo tairi tu," akasema shemeji.

Shemeji, tairi hunguruma chini. Haziji kukupigia mluzi sikioni.

Ndipo aliponieleza kwa majivuno kwamba gari lote ameshalitandika: mazulia mazito sakafuni, mengine ya kunata ndani ya milango, kwa bei ambayo sitaitaja kwa kuwa dada yangu huisoma safu hii.

Tulipofika Mikese nikamwomba asimame. Nikachukua kadi ya mchango, nikaiweka kwenye ukingo wa mlango wake, nikaufunga, nikaivuta. Ikatoka yenyewe. Milango mingine iliing'ang'ania kadi hadi ikakaribia kuchanika. Nikapapasa mpira wa mlango: umekakamaa kwa jua, umelala, na kwenye pembe ya juu umepasuka. Kumbe mlango huo uliwahi kugongwa na bodaboda, fundi bodi akaunyoosha kwa nyundo na haraka zake, na tangu hapo haujakaa sawasawa. Gari likikimbia, hewa inayopita nje huunyonya mlango kuelekea nje, upenyo unapanuka, na upepo unaimba.

Dawa yake ni mpira mpya, na fundi mwenye subira wa kusogeza ndani kidogo kile chuma cha kwenye nguzo ambacho kitasa hukikamata. Zulia hupunguza ngurumo ya barabara, sikatai, lakini tundu la mlangoni haliliwezi.

Halafu juu ya paa kuna keria. Tangu ainunue sijaiona imebeba hata kuku. Keria tupu ni filimbi ya kulipia, maana inakula na mafuta pia. Iteremshwe. Kama haina budi kubaki, vile vyuma vya kukingama vizungushiwe kamba kwa kupanda mviringo, upepo ukose mdundo wa kushika. Lakini mkimwambia Mtanzania ateremshe keria, anaona mmemvua kofia ya ukuu.

Na mwendo je? Kelele za upepo hazipandi polepole kama hesabu ya bodaboda. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya sauti yake huongezeka takriban mara 64. Hata kutoka 80 kwenda 120 tu, inakaribia mara 11, na sikio huzisikia kelele kama zimeongezeka maradufu. Kwa hiyo dawa ya bei rahisi kuliko zote iko chini ya mguu wa kulia, na hakuna duka linaloiuza. Pengine ndiyo maana hatuitaki. Sisi ni watu wa kununua kitu cha kufunika kasoro kabla ya kuinama kuitazama.

Shemeji alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta jasho, akatabasamu. "Nimekuelewa, shem. Mwezi ujao nafunga spika kubwa."

Wasomaji wangu, akiwapitishia kadi, msimchangie.