Viti vya Motokaa na Maji Yasiyoonekana

Wengi wetu siku hizi twatumia motokaa zilizokwisha tumika Japani, ambazo viti vyake vimevikwa kitambaa. Nazo huchukua watoto wa chuoni, kapu la samaki na chupa ya maziwa, yote kwa safari moja. Hapana ajabu, basi, ikiwa hufika siku mwenye nyumba akashika mpira wa maji, akavimwagia viti kama amwagiavyo ua. Twawasihi wasomaji wetu wasifanye hivyo.

Kiti si leso ya kufuliwa na kuanikwa kambani. Chini ya kitambaa mna sponji nene, na chini ya zulia la sakafuni mna tabaka jingine linywalo maji vivyo hivyo. Kwa hewa yetu ya pwani, hasa wakati wa masika, juu huonekana pamekauka hali ndani mngali majimaji. Kisha huota kuvu, na mtoto mwenye pumu ndiye ateswaye. Kadhalika chini ya viti hupita nyaya za umeme. Zile za manjano aghalabu ni za mifuko ya hewa ya kuokolea maisha, wala si za kuchezewa.

Kazi huanza kwa ukavu. Kung'uteni mazulia madogo ya miguuni. Vutieni kiti mbele hata mwisho, kisha nyuma, mfyonze mchanga kwa mashine na kuchokoa mishono kwa brashi laini. Mchanga ulioachwa hugeuka tope uguswapo na maji. Ndipo mtie kijiko kimoja cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji, mpige mpaka povu lijae. Povu ndilo la kutumia, maji yaacheni ndooni. Lijaribuni kwanza mahali pasipoonekana. Sugueni sehemu ya ukubwa wa sinia, mkandamize taulo nyeupe, kisha mpanguse mara mbili kwa kitambaa cha maji safi kilichokamuliwa sana, kwani sabuni ibakiayo hunasa vumbi. Maziwa na damu hutakiwa maji baridi. Ya moto huvigandisha katika nyuzi.

Ama mkojo wa mtoto, hapo pana jambo la tahara, na povu halitoshi. Kwa madhehebu ya Imamu Shafii, yafuatwayo na wengi wa pwani yetu, kupangusa kwa kitambaa kibichi hakutoharishi. (Mtoto mwanamume mchanga asiyekula ila maziwa, mkojo wake hunyunyiziwa maji tu.) Basi ufyonzeni kwanza kwa taulo kavu mpaka usionekane tena, kisha mwageni maji safi juu ya mahali pale tu, kikombe kwa kikombe, mkiyatoa kila mara kwa mashine ifyonzayo maji au kwa taulo lililokaliwa kwa uzito, mpaka rangi na harufu ziondoke. Msitie dawa ya klorini ya kung'arishia nguo juu ya mkojo, wala msiichanganye na siki: hutoka hewa ya sumu, na ndani ya motokaa ni padogo.

Kazi hii ni ya asubuhi, siku ya jua, milango yote wazi (zimeni taa ya ndani, isije betri ikaisha), na feni ikiwapo ielekezwe sakafuni. Kesho yake kandamizeni kitambaa cheupe kikavu kwa goti juu ya kiti na zulia. Kikitoka na unyevu, msifunge vioo bado.