Mchoro Huu ni wa Nani?

"Usiangalizie!" Katika shule zetu mtoto huambiwa hivyo hata kabla hajajua kuandika jina lake. Nami nimewaambia watoto hivyo, ndiyo maana naandika haya.

Nilikuwa katika darasa la awali, Dar es Salaam, nikikusanya data za tasnifu yangu ya uzamili. Siku moja karatasi hazikutosha, nikatandaza manila moja sakafuni kwa watoto wanne. Wa kwanza akachora daladala. Wa pili akasema gari haliendi bila konda, akamning'iniza mlangoni. Wa tatu akajaza abiria mpaka madirishani. Wa nne, msichana ambaye kwa wiki mbili hakuwa amefungua mdomo mbele yangu, akapaka mvua ya bluu juu ya kila kitu, akaeleza: "Ndiyo maana wamebanana." Wakabishana kama konda atalowa. Mwishowe wakamchorea mwavuli.

Nikawauliza mchoro ni wa nani. "Wetu," wakasema, wakinishangaa.

Fomu yangu ilikuwa na mstari mmoja kwa kila mtoto na kisanduku cha alama. "Wetu" haikuingia humo. Kesho yake nikaja na karatasi nne, nikawakalisha mbalimbali, nikawakataza kuangalizia. Nikapata maua matatu yanayofanana, yale yale yaliyochorwa ubaoni. Yule msichana akarudisha karatasi nyeupe, nikamwandikia sifuri. Sifuri ile ilikuwa yangu.

Wapo wanaosema kundi humficha mvivu na kumbebesha mzigo hodari. Ni kweli, hutokea. Lakini dawa yake ni mwalimu kuinama asikilize nani kasema nini. Darasa limefurika? Basi asikilize kundi moja kwa siku. Kuwatenganisha watoto hakumfichui mvivu; kunawanyamazisha wote.

Na tusijifanye kwamba kuangalizia ni kitu kigeni katika sanaa yetu. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora jijini humu humu mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za kupakia baiskeli. Alipofariki mwaka 1972, wanafunzi wake, baadhi yao jamaa zake, waliendelea kuchora pamoja, huyu akitazama mkono wa yule. Leo watalii wanaibeba michoro ya mtindo huo mpaka Ulaya, nasi tunaiita fahari ya taifa. Mkono uliojifunza kwa kutazama tunausifia dukani, darasani tunauchapa.

Ninachodai si kikubwa: manila moja, watoto wanne, na fomu yenye nafasi ya kuandika walichoambiana. Yangu nimeibadilisha. Msimamizi wangu akiuliza alama za mtoto mmojammoja ziko wapi, nitamkunjulia daladala lile, nimwonyeshe mwavuli wa konda.