Tuyaite Mawe kwa Majina Yake

Wahenga walinena kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Mimi, ambaye riziki yangu hutokana na kufundisha maana za maneno, nilikuja kuielewa methali hiyo jikoni mwa mama yangu mzazi.

Miaka mitatu iliyopita, sisi wanawe tulichanga fedha tumjengee jiko la kisasa. Tulikwenda kwa muuzaji mmoja wa mawe jijini Nairobi, tukapendezwa na bamba jeupe lenye mishipa ya kijivu. Tulipouliza ni jiwe gani, tulijibiwa: "Hii ni granaiti, mwalimu. Utaiacha hapa duniani." Tukalipa bila kudadisi. Haikupita wiki moja, mama alikatia ndimu juu ya kaunta ile, na pale maji ya ndimu yalipotuama pakatokea mabaka yaliyopoteza mng'ao. Akadhani ni uchafu, akasugua kwa siki. Kadiri alivyosugua ndivyo mabaka yalivyoenea. Jiwe lile halikuwa granaiti hata kidogo, lilikuwa marumaru. Kilichoniuma zaidi ya hasara ni kwamba mama alijilaumu yeye mwenyewe. Hadi leo, mgeni akiingia jikoni, humwomba radhi kwa ajili ya kaunta yake.

Hoja yangu katika makala haya ni moja. Jina la jiwe si pambo la biashara. Ni maagizo ya matumizi yaliyofupishwa katika neno moja. Anayelipotosha jina humnyang'anya mnunuzi maarifa ya kulitunza jiwe lenyewe.

Tuanze na marumaru. Neno hili limetufikia kutoka Kiarabu, marmar, na asili yake ya mbali ni Kigiriki. Jiwe lenyewe ni chokaa iliyobadilishwa na joto na mgandamizo ardhini, na kiini chake ni kalisiamu kabonati. Kitu chochote kichachu, kama vile ndimu, siki, ukwaju au hata nyanya, hulila. Aidha, ni jiwe laini: katika kipimo cha ugumu alichokibuni Friedrich Mohs mwaka wa 1812, chenye ngazi 10, marumaru iko karibu na ngazi ya 3, na kisu cha jikoni huikwaruza bila taabu. Mkanganyiko huzidi kwa kuwa watu wengi, hasa nchini Tanzania, huita vigae vya sakafuni vya kiwandani marumaru vilevile.

Granaiti ni kabila jingine kabisa. Kamusi zetu huiita itale, na Mkenya aliyeyaona majabali ya Kit Mikayi kule Seme, au ya milima ya Maragoli, ameiona kwa macho yake. Imeundwa kwa chembe za kwatzi, feldispa na ulanga, na ugumu wake ni kati ya ngazi ya 6 na 7. Ndimu haiidhuru. Hata hivyo, wafanyabiashara wamelipanua jina hili mno. Mabamba mengi meusi yanayoitwa granaiti nyeusi kwa hakika ni gabro au miamba mingine ya jamii hiyo. Hapo sina ugomvi mkubwa nao, maadamu miamba hiyo nayo ni migumu na haiogopi ndimu. Ugomvi wangu ni pale jina linapovishwa jiwe lisilokuwa na tabia hizo.

Kuna na bidhaa ya tatu, inayouzwa kwa jina la kwatzi kana kwamba imechimbwa ilivyo. Hiyo hutengenezwa kiwandani kwa unga na chembe za kwatzi, mara nyingi zaidi ya asilimia 90, zikagandishwa kwa gundi ya plastiki. Haihitaji kupakwa dawa, lakini sufuria iliyotoka motoni huweza kuibabua. Lililo baya zaidi ni vumbi lake linapokatwa. Vumbi hilo limejaa silika, nayo silika husababisha ugonjwa wa mapafu usio na tiba. Ndiyo sababu Australia iliyapiga marufuku mabamba hayo kuanzia tarehe 1 Julai 2024. Kwa hiyo jina la uongo halimdhuru mpishi peke yake. Humdhuru pia kijana anayekata bamba pasipo maji wala kinga ya pua, akiamini kwamba ni jiwe kama mengine.

Msomaji atauliza: je, afanye nini? Kwanza, aombe kipande kilichobaki cha bamba lile lile, akidondoshee ndimu na kukiacha kwa robo saa. Kikipoteza mng'ao, asikubali kuambiwa ni granaiti. Pili, adondoshe maji kando; jiwe likibadilika rangi na kuwa jeusi, linanyonya, na litahitaji kupakwa dawa ya kuziba vitundu kila baada ya muda. Tatu, adai jina la jiwe liandikwe kwenye risiti. Sheria ya Kuwalinda Wateja ya mwaka wa 2012 inakataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa, lakini maneno ya mdomo ni vigumu kuyathibitisha.

Akishalijua jina, utunzaji ni mwepesi: sabuni ya kawaida, maji ya uvuguvugu, kitambaa laini, na ubao chini ya sufuria ya moto. Na asichanganye doa na kuliwa. Doa ni rangi iliyozama ndani ya jiwe, na dawa ya kuziba vitundu husaidia kulizuia. Kuliwa ni uso wa jiwe kuharibiwa na uchachu, na dawa hiyo haizuii. Tiba yake ni fundi kulisugua jiwe upya.

Najua baadhi ya wanafunzi wangu watanikumbusha niliyowafundisha mimi mwenyewe: kwamba maana za maneno hubadilika, na hakuna anayeweza kuzizuia. Ni kweli. Lakini neno likibadilika, kemia ya jiwe haibadiliki pamoja nalo. Wachongaji wa Tabaka kule Kisii wanachonga jiwe la sabuni, na jina hilo halimdanganyi mtu: ukilisikia tu, unajua kuwa ni laini na linateleza. Wauzaji wetu wa mijini wangeiga uaminifu huo.

Mwezi ujao fundi atakuja kuisugua kaunta ya mama. Nimemwambia kwamba marumaru ni jiwe zuri, ila ndimu zikatiwe juu ya ubao. Akanijibu kwamba angelifanya hivyo tangu siku ya kwanza, laiti mtu angelimwambia ni marumaru.