Mtungi wa Lita Ishirini Mbele ya Mita ya Maji

Kyuso, huko Mwingi Kaskazini katika kaunti ya Kitui, ilionyesha mapema kile ambacho hesabu za chipu ndogo zinaweza kufanya. Zaidi ya miaka 10 iliyopita, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitia vihisi kwenye mipini ya pampu za mkono. Kihisi kilifuatilia mpini ukipanda na kushuka, kikatuma hesabu hiyo kwa mtandao wa simu. Pampu iliyoharibika ilikuwa ikikaa wastani wa siku 27 bila kutengenezwa; muda huo ukashuka hadi chini ya siku 3. Kwa hiyo sina ubishi na vifaa hivi. Ninachodai ni kwamba serikali za kaunti za Kitui na Makueni zisipokee mita wala kihisi chochote cha maji kabla ya kujua namba zake zimehifadhiwa vipi.

Namba ya biti 16 isiyo na alama huanzia 0 hadi 65,535, kisha hurudi 0. Yenye alama huishia 32,767, na biti zake zikizidi kupanda husomeka kuwa hasi. Mita ihesabu lita mojamoja, ifike 65,530, kisha mama achote mtungi wa lita 20: sasa itasoma 14. Programu ikitoa 65,530 kwenye 14 na kulibakiza jibu katika biti 16 zisizo na alama, itapata 20, jibu sahihi kabisa. Ikiliacha liwe namba yenye alama iliyo pana zaidi, itapata hasi 65,516. Mtungi ni uleule, maji ni yaleyale, na kamati ya kisima imebaki na daftari lisiloeleweka.

Wapo watakaosema kosa hili ni la zamani, kwa kuwa chipu za leo zina biti 32. Hoja hiyo inapotosha. Katika lugha ya C, chipu ya biti 32 huzipanua namba za biti 16 kabla ya kutoa, kwa hiyo hapo ndipo ile hasi inapozaliwa. Tena ujumbe wa kihisi mara nyingi hubanwa ili kuokoa betri, na kaunta iliyo pana hukatwa njiani. Roketi ya Ariane 5 iliangamia mwaka 1996, chini ya dakika moja baada ya kuruka, kwa sababu thamani kubwa ililazimishwa kuingia katika biti 16 zenye alama. Fedha na wataalamu havikukosekana.

Wengine watalalamikia gharama. Jaribio lenyewe ni dogo: muuzaji aisogeze kaunta hadi karibu na kikomo chake, mtungi wa lita 20 ujazwe mbele ya kamati, na rekodi isomwe papo hapo. Maafisa wa mizani na vipimo hukagua mizani ya sokoni kabla haijatumika kuuzia watu ndengu. Maji ya Kyuso, au ya Kibwezi huko Makueni, yanastahili ukaguzi huohuo, nao uandikwe katika mkataba, kabla ya malipo.