Saa za kale: Spea moja yatosha kubeba bei yote

Na Mwandishi Wetu

Novemba 2021, kwenye mnada wa kampuni ya Phillips mjini Geneva, Uswisi, saa ya mkononi aina ya Omega Speedmaster ya toleo la kwanza, lililoanza mwaka 1957, iliuzwa kwa faranga za Uswisi 3,115,500. Makadirio ya awali yalikuwa kati ya faranga 80,000 na 120,000. Mnunuzi alikuwa Omega yenyewe, iliyoitaka kwa ajili ya makumbusho yake.

Juni 2023 mambo yakageuka. Omega ilisema saa hiyo iliungwa kwa spea zilizotoka katika saa tofauti, nyingi zikiwa spea halali za Omega, na kwamba wafanyakazi wake watatu wa zamani walihusika. Kampuni hiyo ilisema inachukua hatua za kisheria.

Kisa hicho kimechochea mjadala wa siku nyingi miongoni mwa wakusanyaji wa saa za kale: saa ikibadilishwa uso, akrabu au kasha, je, bado ni saa ile ile?

Kundi la kwanza linasema saa ni chombo cha kazi. Hutiwa mafuta, huvunjika kioo, hubadilishwa akrabu, na fundi aliyeitengeneza miaka ya 1970 hakuwa akiwafikiria wanunuzi wa leo. Kundi la pili linashikilia kuwa kinachonunuliwa ni historia, hivyo kila spea iwe ile iliyotoka nayo kiwandani.

Soko limeelemea upande wa pili. Mfano ni Rolex Daytona. Miaka ya 1960 baadhi zilitoka na uso wa mapambo tofauti, na wengi hawakuzipenda. Leo uso huo peke yake unaifanya saa iwe ghali mara kadhaa kuliko nyingine yenye mashine na kasha lile lile. Ile ya mwigizaji Paul Newman iliuzwa New York Oktoba 2017 kwa dola za Marekani 17,752,500. Hata kasoro huuzika: uso mweusi uliobadilika kuwa wa kahawia kwa miaka mingi hupandisha bei.

Kwa wasomaji wetu wa Mombasa, Unguja na Muscat, jambo hili haliko mbali. Katika miaka ya 1970 Sultani Qaboos wa Oman alikuwa akitoa zawadi za saa, zikiwamo Rolex zenye nembo ya jambia usoni. Saa hizo sasa hupigiwa mnada kwa bei za juu. Palipo na asali hapakosi nyuki: wapo wanaochapa jambia kwenye uso wa kawaida ili kupandisha bei.

Mchumi George Akerlof aliieleza hali ya namna hii mwaka 1970, kwa mfano wa magari yaliyotumika, na mwaka 2001 akawa mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Muuzaji anajua kasoro, mnunuzi hajui. Mnunuzi kwa hofu anashusha bei anayotoa. Mwenye mali nzuri anaona bei haimlipi, anajitoa sokoni. Wanabaki wenye mali mbovu. Kwa hiyo mwenye spea ya kughushi hamwibii mteja mmoja tu, bali anamshushia bei hata muuzaji mwaminifu.

Tofauti na gari, saa ya kale ina ugumu zaidi. Spea inaweza kuwa halali, ya kiwanda kile kile na ya umri ule ule, na bado saa isiwe ya kweli, kwa kuwa vipande havikuzaliwa pamoja. Ndiyo maana kukagua spea moja moja hakutoshi. Kinachotakiwa ni karatasi: risiti ya awali, kumbukumbu za kiwanda, orodha ya matengenezo. Hata hivyo, kisa cha Omega kinaonyesha kuwa karatasi nayo ni salama kadiri ya uaminifu wa anayeitunza.

Kwa wanaovusha saa mipakani, forodha nayo ina lugha yake. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, kifungu 9706 cha vitu vya kale ni cha vile vilivyozidi miaka 100. Saa ya mwaka 1957 haijafika. Itaingia kwenye vifungu vya kawaida vya saa, 9101 au 9102, ingawa mwenyewe anaiita ya kale.

Kwa maoni yetu, kubadilisha spea si kosa. Kosa ni kunyamaza. Saa yenye akrabu mpya, ikiuzwa kwa bei inayolingana na ukweli huo, ni biashara halali. Wauzaji waandike kwenye risiti kilichobadilishwa, na nyumba za mnada zidai hivyo kabla ya rungu kugongwa.

Na wewe uliyerithi saa ya babu, usikimbilie kuing'arisha wala kuibadilisha uso ili ipendeze. Ukilazimika kuitengeneza, mwambie fundi akurudishie kila spea anayoitoa, uihifadhi pamoja na risiti. Kipande kilichochakaa ambacho fundi angekitupa huenda ndicho kilichobeba thamani ya urithi wako.