Paa Pekee Haliponyi

Tangu reli ilipounganisha Katanga na Ilebo mwaka 1928, treni zimekuwa zikileta watu wa Kasai katika mji wetu. Wa kwanza waliitwa na Union Minière, wakapewa kazi na nyumba kambini. Wanaofika leo hawaitwi na mtu. Baadhi walikimbia vita vya Kamuina Nsapu vilivyoanza mwaka 2016. Wengine wanakimbia njaa. Hapa Bel-Air ninapoishi, mgeni huanza kwa kulala sebuleni kwa ndugu, kisha mlangoni mwa duka analolinda, huku akitafuta chumba ambacho mwenye parseli anadai garanti ya miezi kadhaa.

Watu husema: mpe chumba na kazi, mawazo yatakwisha. Naona hiyo ni nusu ya ukweli. Asiye na paa halali vizuri, anaogopa usiku, anaona aibu mchana. Hayo yanatosha kumwangusha mtu. Lakini hata akipata chumba, kuna kinachoendelea kumla: kuambiwa kila siku, kwa maneno, kwamba hapa si kwake. Na maneno ndiyo kazi ya kitivo chetu.

Tuchukue neno bilulu. Katika Kiswahili chetu cha Lubumbashi maana yake ni wadudu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanasiasa waliligeuza kuwa jina la Wakasai. Étienne Tshisekedi alipochaguliwa kuwa waziri mkuu na Mkutano Mkuu wa Taifa, Agosti 1992, jina likawa fimbo. Familia zilifukuzwa majumbani Likasi, na mwaka uliofuata Kolwezi. Watu waliishi stesheni kwa miezi wakingoja treni. Wengi walizaliwa Katanga; Kasai waliyorudishwa hawakuwahi kuiona. Na mwaka 1961, wakati wa kujitenga kwa Katanga, maelfu ya Waluba walikuwa wamejihifadhi kambini chini ya Umoja wa Mataifa, hapa hapa Élisabethville. Anayeitwa mdudu hana haja ya kupewa nyumba, anafagiliwa.

Je, maneno yanaweza kuugua mtu akilini? Mwaka 1932 daktari wa Norwei, Ørnulf Ødegaard, alionyesha kwamba Wanorwei waliohamia Minnesota walilazwa kwa skizofrenia zaidi kuliko wenzao waliobaki nyumbani. Yeye alidhani waliohama ndio waliokuwa dhaifu tangu mwanzo. Lakini baadaye, Uingereza, ugonjwa huo ulionekana kwa wingi pia kwa watoto wa wahamiaji kutoka Karibi, waliozaliwa huko huko. Watoto hao hawakuhama kutoka popote. Walichorithi ni ugeni wa wazazi wao.

Nitaambiwa kwamba hata mwana wa Katanga anabanana na watoto sita katika chumba kimoja, naye ana mawazo. Ni kweli, na sipimi mateso ya mmoja kwa ya mwingine. Tofauti ni kwamba yeye hakuna anayemuuliza atarudi lini kwao.

Kuna jambo la pili linalotuhusu sisi wa lugha. Mama mmoja jirani yetu, aliyetoka upande wa Kananga, alikwenda zahanati. Alipoulizwa anaumwa wapi, alijibu kwa neno la Ciluba: mucima, yaani moyo. Akapimwa presha, akapewa vidonge, akarudi nyumbani. Alikuwa amelala wiki tatu bila kutaka kula wala kuzungumza na watu, na hakuna aliyemuuliza habari hizo. Si kwamba munganga hakujali. Alisikia kiungo cha mwili pale mama aliposema huzuni.

Kwa hiyo natoa mapendekezo mawili. Kwanza, wanafunzi wetu wanaojua Ciluba, Kibemba na lugha nyingine wafundishwe kukalimani hospitalini, kwa kutunza siri ya mgonjwa, na kazi hiyo ihesabiwe kama staji. Pili, tunapochagua mada za kazi za kumaliza masomo, baadhi yetu tukusanye maneno ambayo wahamiaji wenyewe hutumia kwa huzuni, hofu na kukata tamaa. Kiswahili sanifu kina neno sonona. Hapa mjini sijamsikia mtu akilitumia. Watu husema «niko na mawazo mingi», na wengi huishia hapo kwa sababu msikilizaji hajui swali linalofuata.

Kujenga nyumba ni kazi ya serikali na ya wenye mali, na tuendelee kuwadai. Lakini orodha ya wanafunzi kumi wenye Ciluba inaweza kuandikwa wiki hii, bila franka hata moja. Na yule anayecheka bado kwa neno bilulu katika oditoriamu zetu, jirani yake wa benchi anaweza kumwambia leo kwamba neno hilo limewahi kuwalaza watu stesheni.